Mutisya Aliyekosa Kuzaliwa

Kabati, Kitui
Jumapili, 9 Machi 2025

Kwa Susu yangu,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na Wavinya na mbuzi wote. Mgongo unaendeleaje? Je, mvua imewakumbuka huko Matiliku ama bado inazunguka tu kwenye vilima? Mimi ni mzima, ila viganja vimekuwa kama gome la mti na usiku vidole havikunjiki. Wavinya dada yangu, msomee polepole, mdomo karibu na sikio la kushoto, maana la kulia nasikia limeshafunga kazi.

Nachimba shimo la tangi la maji kwa Mzee Faki, mwenye duka la nguo hapa Kabati. Anataka futi kumi na mbili kwenda chini. Nimefika futi nne nikakutana na mwamba. Siku nzima ni mtalimbo na nyundo, na jioni ukitazama unaona umepunguza jiwe kiasi cha sufuria moja. Ni watu wazuri. Wamefunga Ramadhani, hawanywi hata maji, lakini chai yangu ya saa nne inaletwa, na anayeileta anageuza uso nisije nikaona haya.

Anayeileta ndiye aliyenifanya nikuandikie kabla ya mwisho wa mwezi. Ni binti wa Mzee Faki, anaitwa Shufaa, yuko chuo kikuu, lakini walimu wao wamegoma kwa hiyo yuko nyumbani. Anakaa barazani na madaftari yake. Juzi nilimuuliza anasomea nini. Akasema falsafa. Nikamuuliza, ukimaliza utaandikwa kazi wapi? Akacheka, akasema, "Mjomba, hilo ndilo baba ananiuliza kila siku tukifuturu."

Nikamwambia anieleze basi, nisikie kitu kingine tofauti na nyundo. Akasema, "Tazama hiyo sururu yako. Kabla haijakuwa sururu, kuna mtu aliifikiria. Alijua itafanya kazi gani, ndipo akaifua. Sasa kuna wanafalsafa wanaosema mtu si kama sururu. Mtu anakuwepo kwanza, bila kazi yoyote aliyoandikiwa. Baadaye ndipo anajifanya mwenyewe kuwa mtu wa namna fulani, kwa yale anayoyachagua."

Nikaweka mtalimbo chini. Nikamwambia, "Hao hawajafika Matiliku."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi nilifikiriwa kwanza. Susu, yaani nyanya yangu, alikuwa mjane asiye na mtoto. Akaoa mke kwa mbuzi wake mwenyewe, ili amzalie watoto wa kushika boma. Kwetu ni desturi, mke wa namna hiyo anaitwa iweto. Huyo ndiye mama yangu. Na mume wa mama yangu ni mwana ambaye Susu hakumzaa kamwe. Mwanamume aliyemzalisha mama hatajwi, kwa desturi watoto ni wa huyo mwana. Anaitwa Mutisya. Ana mke, ana shamba, ana watoto wawili, na jina lake liko kwenye kitambulisho changu. Alichokosa ni kuzaliwa tu."

Shufaa alifunga daftari. Akaniuliza kama nina homa. Nilipomhakikishia ni kweli, akasema, "Mjomba, hilo halimo kwenye masomo yangu," na tangu hapo kila siku anakuja na swali.

Lakini nami nina langu, na ni ajabu kwamba nimefika miaka arobaini na sita bila kukuuliza. Ulipompa Mutisya jina, ulimwona? Alikuwa mrefu? Alikuwa mtu wa namna gani?

Mjukuu wako, ambaye unapenda kumwita mume wako,
Nthiwa


Matiliku, Makueni
Jumapili, 23 Machi 2025

Mume wangu Nthiwa,

Nakuita mume wangu kwa sababu una jina la marehemu na lazima ulibebe, hata kama umekonda. Sisi ni wazima. Mgongo ni mgongo wa miaka themanini na nne, usiuulize maswali mengi. Mvua ilinyesha siku mbili, ikaloanisha nguo zilizoanikwa, ikaenda zake. Barua yako ililetwa na Mwau mchuuzi siku ya soko, ikiwa kwenye gunia la ndengu. Wavinya alipoifungua ndengu tatu zikaanguka nami nikasema, angalau safari hii umetuma kitu.

Huyo binti msalimie. Mwambie mwenye njaa haulizi mwiko ulifikiriwa na nani. Lakini kwa kuwa umeuliza, nitakujibu.

Mutisya hakuwa mrefu. Alikuwa wa kadiri, mwenye sauti ya chini, na hakuwa mlevi. Kama ni mimi ninayemfikiria, kwa nini nimfikirie mlevi?

Mume wangu alipokufa, ndugu zake walikuja kunipa pole huku wakitazama shamba. Walisema tasa ni mgeni tu aliyekaa sana. Nikakaa na neno hilo miaka. Halafu siku moja nikachukua mbuzi wangu watatu, wale wa ntheo, ambao wasipotolewa mke si mke, nikaenda kwa wazazi wa Kalekye mama yako. Nikasema, mwanangu Mutisya anataka kuoa. Baba yake Kalekye alinitazama sana, akasema, "Mbona hakuja?" Nikamwambia yuko kazini Nairobi. Akawatazama mbuzi, akaona ni wazuri, akasema, "Basi ni mtu wa bidii." Tukakubaliana. Kila mtu alijua na hakuna aliyedanganywa. Hata katika Biblia Sara alimpa mumewe Hajiri. Pasta akinisumbua namwonyesha hapo.

Sasa weka sururu chini usikilize, maana hili si la falsafa.

Mwaka wa sabini na nane walipokuja kupima mashamba, niliwaambia waandike shamba kwa jina la Mutisya mwana wa Nthiwa. Ningeandikisha langu, wale shemeji wangekula shamba siku hiyohiyo. Lilikuwa jambo la akili. Sasa Kyule, mtoto wa shemeji yangu, amekwenda ofisi ya ardhi. Amesema Mutisya si mtu, kwa hiyo shamba lirudi kwa ukoo, na ukoo ni yeye. Amekwisha kupita hapa akihesabu miembe.

Ofisi imesema hivi: kama Mutisya yuko hai, aje na kitambulisho. Kama amekufa, mtoto wake alete cheti cha kifo, shamba liandikwe upya. Kikao ni Alhamisi tarehe 5 Juni, kwa chifu. Wavinya amekwenda kuuliza jinsi ya kupata cheti kilichochelewa. Anatakiwa mtoto wa kiume aape kwamba baba yake alikufa, na mashahidi wawili. Mashahidi ninao. Kwa hiyo wewe njoo uape. Chagua mwaka, chagua ugonjwa, usichague wa aibu. Asiyekuwepo amekufa, kuna ugumu gani hapo?

Nasema tena: ukikosa kuja, Kyule atanitoa hapa.

Mkeo na Susu wako,
Kaveke


Kabati
Jumapili, 6 Aprili 2025

Susu,

Salamu kutoka kwenye shimo. Idd imepita, nililetewa pilau hadi nikapumzika kuchimba nusu siku kwa kushiba. Natumaini miguu yako haijavimba na kwamba Wavinya bado ana sauti baada ya kukusomea.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Niliwaambia wenzangu wawili tunaochimba nao. Mmoja akasema, "Nthiwa, wewe una bahati. Wangu alipokufa niligharamia jeneza. Wako hahitaji hata shuka." Mwingine akapendekeza malaria, kwa sababu haina aibu na haina mwenyewe. Wote wanasema nenda uape, ni jambo la akili ya kawaida. Nami nikaenda barazani kwa Shufaa.

Nikamuuliza, mtu ambaye hajawahi kuishi anaweza kufa? Akasema walimu wao hupenda kuicheka akili ya kawaida, lakini yeye anaiheshimu, kwa sababu ndiyo iliyomfikisha chuo salama. Ila ina tabia moja. Inakupa jibu kabla hujamaliza kuuliza, halafu wewe unasema sikuwa na la kufanya. Na mtu anayesema hakuwa na la kufanya, mara nyingi alikuwa nalo.

Susu, niseme wazi kama kawaida yangu. Sitaki kuapa. Si kwa sababu mimi ni mtakatifu. Nimeshadanganya wenye nyumba na wenye hoteli. Lakini maisha yangu yote nimekuwa na baba asiyekuwepo, na nimemzoea. Sitaki kuwa na baba aliyekufa kwa mkono wangu. Na nikimaliza kumuua, mimi nitakuwa mtoto wa nani?

Nikiwa darasa la sita mtoto mmoja alinivua kofia mbele ya wengine akasema, "Huyu ni mwana wa jina." Nilimpiga. Wewe ukaitwa shuleni. Nilipoondoka miaka minne iliyopita nilikwambia naenda kutafuta kazi. Kazi ilikuwepo hapo hapo. Nilichoka kuwa nguzo ya ua. Nguzo inasimikwa ili kitu kisitoke na kingine kisiingie, na haiulizwi kama imechoka. Hata kuoa sikuoa, kwa kuwa kila msichana niliyemleta ulimzunguka ukimtazama kama mtu anayepima kiwanja.

Kwa hiyo kabla sijajibu kuhusu kikao, nijibu wewe. Nilizaliwa ili shamba liwe na mwenyewe? Usinipoze. Nataka kujua tu.

Mjukuu wako,
Nthiwa


Matiliku
Jumapili, 11 Mei 2025

Nthiwa,

Sisi ni wazima. Huko mko wazima? Mwau alipita mara mbili akaondoka mikono mitupu kwa sababu nilikataa kuandika. Wavinya alikaa na kalamu nikamwambia airudishe kwenye kopo. Nilikasirika, nikasema mtoto niliyemlea kwa uji ananiuliza swali kama karani.

Jibu ni ndiyo.

Nilikutafuta kwa ajili ya shamba. Kabla mama yako hajaingia kwangu nilishajua utakuwa wa kiume, utaitwa Nthiwa, utakaa upande wa juu karibu na barabara ili Kyule na baba yake wakuone kila asubuhi. Siku uliyozaliwa sikuuliza kama una afya. Niliuliza ni mvulana ama nini. Waliponiambia, nilitoka nje nikatazama mpaka wa shamba, si wewe. Mama yako aliliona hilo na hakulisahau mpaka alipokufa. Hilo ndilo ulilotaka kujua, sasa unalo.

Lakini ulipokuwa na miaka miwili ulishikwa na surua. Macho yalifunga, ukaacha kulia. Mtoto akiacha kulia ndipo unaogopa. Mama yako alikuwa amechoka, nikakuchukua mimi, nikakubeba mgongoni mpaka zahanati, nusu ya siku kwa miguu, na njiani nilikuwa nikizungumza na Mungu kwa sauti watu wakigeuka. Nilimwambia, chukua shamba. Wape shemeji. Wape leo. Huyu niachie.

Akakuacha, na shamba pia akaniachia, sijui kwa nini. Lakini tangu siku hiyo, nikikutazama, nilikuwa sijui tena wewe ni wa kazi gani. Nikaendelea kusema maneno ya shamba kwa mazoea. Maneno ya zamani ni rahisi.

Usiape kama hutaki. Usije kama hutaki. Sikulazimishi.

Kyule amepanda alama za mawe upande wa chini. Wavinya amezing'oa, naye amezirudisha.

Susu wako,
Kaveke

(Kaka, ni mimi Wavinya. Haya yote aliyasema akiwa amenigeuzia mgongo. Mimi naona uape tu. Kuishi ndani ya nyumba kwanza, ukweli baadaye. Lakini nimeandika alivyosema.)


Kabati
Jumapili, 18 Mei 2025

Susu yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili. Natumaini unakula. Kama hali ni mbaya Wavinya akuchemshie uji wa wimbi na asikubali visingizio.

Barua yako niliisomea chini shimoni, futi tisa, mahali ambapo mtu hawezi kuonekana na wapita njia. Sitasema zaidi kuhusu hilo. Asante kwa kunijibu. Nilidhani nikisikia ndiyo nitauma meno. Badala yake nimekuwa nikikuona njiani na mtoto mgongoni, ukigombana na Mungu mbele za watu.

Sasa nisikilize, kwa sababu nina jambo. Juzi nilimuuliza Shufaa, hao wanafalsafa wako wakitaka kumjua mtu wanamjuaje, ikiwa hana kazi aliyoandikiwa? Akasema, "Kwa matendo yake. Mtu ni yale aliyoyafanya, jumlisha yote, hakuna mtu mwingine aliyejificha nyuma yake." Nikarudi chini. Nyundo ina faida hiyo, inafanya mkono uwe na kazi na kichwa kiwe huru.

Nikasema, basi nimjumlishe Mutisya. Nani alitoa mbuzi wa ntheo? Mutisya. Nani alichimba matuta upande wa mteremko mpaka udongo ukaacha kukimbia? Watu wote husema, matuta ya Mutisya. Nani alinunua dume jeusi lililolimia nusu ya kijiji? Nani alienda shuleni nilipompiga yule mtoto, akamwambia mwalimu, "Mwanangu hana kosa, aliguswa kofia"? Kwenye kitabu cha shule imeandikwa: mzazi, Mutisya Nthiwa. Nani alinibeba nikiwa na surua?

Kila nikiuliza, anayetokea ni mtu mmoja, amejifunga leso kiunoni.

Susu, Mutisya hajafa na hakukosa kuzaliwa. Mutisya ni wewe. Walikuambia wewe ni tasa na mgeni, hiyo ndiyo kazi waliyokuandikia, nawe ukakataa ukajifanya kuwa mtu mwingine, na huyo mwingine akaoa, akalima, akalea. Nilipomwambia Shufaa hivi alisimama kabisa. Alisema kuna watu wamekaa miaka kwenye maktaba wakitafuta mfano mzuri kama huu. Nikamwambia, mfano uko Matiliku unalisha mbuzi.

Sijui kama hili litasimama mbele ya chifu. Kuapa kifo ni salama zaidi, Wavinya hajakosea. Ukisema ukweli, Kyule anaweza kupiga kelele kwamba shamba liliandikwa kwa hila, nanyi mkatolewa. Anayelala ndani ya nyumba hiyo ni wewe, kwa hiyo atakayechagua ni wewe. Nitapanda gari tarehe 4. Nikifika utaniambia, niape ama nikae nyuma yako.

Mjukuu wako,
Nthiwa


Matiliku
Jumapili, 25 Mei 2025

Mume wangu,

Sote hatujambo. Mgongo leo hauumi, nimeshangaa.

Umeniambia mimi ni mwanamume, tena mbele ya Wavinya, ambaye alicheka mpaka kalamu ikaanguka. Nimeishi hapa tangu nikiwa msichana, kila mtu ananijua, halafu nisimame kwa chifu niseme mimi ni Mutisya? Watasema nimepelekwa na uzee. Mtu mwenye akili anaapa malaria anarudi nyumbani kula.

Usije tarehe 4. Maliza shimo la watu. Kama mimi ni Mutisya, Mutisya hajawahi kushikwa mkono kwenda mahali. Na kama mimi siye, basi nitajua hapo hapo.

Bado sijaamua.

Kaveke


Matiliku
Jumapili, 8 Juni 2025

Nthiwa mume wangu,

Je, u mzima? Umekula? Kaa chini, barua ni ndefu na mkono wa Wavinya umekwisha kulalamika.

Siku ya Alhamisi tulifika kwa chifu mapema, tukakalishwa kwenye viti vya plastiki. Ofisa ni msichana mwenye miwani, ana adabu. Wavinya alikaa upande wangu wa kushoto akinirudia kila neno. Kyule alikuja na koti alilovaa kwenye harusi ya mtoto wake. Akasimama wa kwanza. "Huyo Mutisya hayupo na hajawahi kuwepo. Mnaupa upepo shamba. Mimi ni wa damu."

Ofisa akafungua faili, akaita kama desturi, "Mutisya Nthiwa yupo hapa?"

Watu wakacheka. Mimi mpaka wakati huo nilikuwa na malaria mdomoni, nimeshapanga mwaka. Nikajikuta nimeinuka.

"Nipo."

Ofisa akatazama karatasi, akanitazama. "Nyanya, nimemwita Mutisya."

"Nami nimeitika."

"Kaa kwanza, nyanya, tutakufikia."

"Nimekaa tangu mwaka wa sabini na nane. Leo nimesimama."

Kyule akaruka. "Mnaona? Bibi amechanganyikiwa! Mwondoeni jua lisimpige!"

Nikamgeukia. Nikasema, "Kyule mwanangu, ulipooa, dume la kukamilishia mahari ulilipata wapi?"

Akasema, "Hilo linahusiana na nini?"

"Watu wana kazi, jibu."

"Kwa Mutisya." Alilisema kabla hajafikiri, kwa sababu ndivyo sote tunavyosema.

"Aliyekukabidhi kamba ni nani?"

Mke wake mwenyewe, aliyekaa nyuma, ndiye aliyesema, "Sema, Baba Mwongeli. Tulikuwa wote." Kyule akatazama viatu vyake. "Ni yeye."

Basi ikawa kama mtu amefungua zizi. Mzee Kilonzo akasimama na fimbo yake, akasema alikunywa pombe siku Mutisya alipooa, na aliyemimina ni mimi, na nilimpunjia. Mwingine akasema alilimiwa na Mutisya mwaka wa njaa, na aliyeshika plau ni mimi, na mistari ilikuwa imenyooka kuliko ya mume wa dada yake. Kila mmoja alikuwa amemwona Mutisya, Nthiwa. Na hakuna aliyemwona bila mimi.

Ofisa alivua miwani akaifuta. Nilidhani atatufukuza. Akasema, "Nyanya, hii si ngumu kama mnavyofikiri. Kuna fomu ya mtu mmoja mwenye majina mawili. Tunaitumia kila siku kwa waliobatizwa. Wazee hawa wako tayari kuapa kwamba Kaveke na Mutisya ni mtu mmoja?"

Mzee Kilonzo akasema, "Hilo tu? Hilo tunalijua tangu zamani." Wakaweka vidole gumba kwenye wino, mmoja baada ya mwingine. Kyule aliondoka, lakini jioni mke wake alileta maziwa.

Kwa hiyo mwambie binti wa Faki kwamba falsafa yake ina fomu, iko kwa ofisa.

Bado jambo moja. Ofisa aliniuliza, baada yako aandikwe nani? Watu wote wakageuka wakasema, Nthiwa. Nikawaambia, muulizeni mwenyewe, mimi sijui yeye ni wa kazi gani. Wavinya akasema hapo hapo, "Mimi niandikeni." Hakungoja hata nimalize! Nimefurahi kuliko nilivyoonyesha. Ameandikwa. Chini ya jina lake nimeacha mstari mtupu. Ofisa amesema unaweza kukaa hivyo miezi mitatu.

Mkeo, Susu wako, na huyo mwingine,
Kaveke


Kabati
Jumapili, 15 Juni 2025

Kwa Baba yangu,

Usinitukane. Wewe ndiye uliyeinuka.

Nawasalimu nyote. Namsalimu mwenye shamba Wavinya, na mke wa Kyule kwa maziwa. Mimi sijambo. Shimo limefika futi kumi na mbili na Mzee Faki ameshuka kwa ngazi akasimama katikati kama mtu aliyefika mjini. Shufaa anarudi chuoni wiki ijayo. Nilimsomea barua yako, akaniomba ruhusa aiandike kwenye kazi yake ya darasa. Nikamwambia akuombe wewe, nisije nikashtakiwa na Mutisya. Aliniambia pia kwamba alidhani falsafa ndiyo ingeifundisha akili ya kawaida, na sasa hana hakika nani alikuwa amekaa dawati la nani.

Kuhusu mstari mtupu. Nimeutazama siku nne. Kila asubuhi nimejiuliza, mimi ni wa kazi gani, na hakuna aliyejibu, kwa sababu umeacha kujibu kwa niaba yangu. Nilidhani nitafurahi kama ng'ombe aliyekata kamba. Siku ya kwanza nilifurahi. Siku ya pili nilipatwa na woga ambao sikuujua, nikawa natafuta mtu wa kumlaumu kwa uchovu wangu, na hakuna aliyepatikana. Hilo Shufaa alikuwa amenionya, lakini mtu hasikii mpaka limfike.

Mwandikeni Wavinya peke yake. Aliliomba shamba kwa mdomo wake, na mimi sijawahi kuliomba. Mstari ufuteni.

Nakuja Jumamosi. Siji kwa ajili ya kikao wala mpaka. Nitashuka Matiliku saa nane mchana na mfuko mmoja, na nitakaa siku ambazo sijazihesabu. Huenda nikarudi huku, kuna mtu ameniuliza kuhusu kisima. Huenda nisirudi. Mtu akikuuliza mlangoni Nthiwa amekuja kufanya nini, mwambie bado hajaamua.

Mwanao,
Nthiwa